Kiti cha Mpigaji

Kikombe kilipasuka katikati ya meza bila kuguswa na mtu. Chai ikatambaa mpaka ukingoni, ikaanza kudondokea miguu ya mama mkwe, naye akaruka kwa wepesi ambao siku za kuteka maji huwa hauonekani.

"Nani kanivunjia kikombe?" aliuliza Mama Redio, mkwe wake.

"Kimejivunja," akajibu binti yake.

Meza nzima ikacheka, isipokuwa baba mtu. Huyo mtoto walimwita Redio kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kunyamaza, na mama yake, fundi cherehani, jina likamgandia. Baba mtu alikuwa askari, na mtaani hakuna aliyemwita zaidi ya Afande.

Mji mzima siku zile ulikuwa unaongea kama yule mtoto. Ukimwambia muuza nyanya kwamba nyanya zake zimepondeka, anakujibu zimejiponda. Mume akirudi na harufu ya pombe, anasema pombe imejinywa. Yote yalitoka mahakamani.

Kinyozi wa pale kona alibishana na Afande juu ya mahali pa kuegesha pikipiki. Akachukuliwa. Kituoni aliingia kwa miguu yake, akatolewa amefunikwa shuka. Kesi ilipofika mahakamani askari watatu waliapa, Afande akiwa wa kwanza, kwamba marehemu alijigonga ukutani. Daktari alikuta kagongwa kichwa, mbavu, mgongo na nyayo. Wakili wa familia akauliza, mtu anajigongaje mgongo na nyayo? Afande akajibu kwamba marehemu alikuwa mtu wa fujo. Hakimu akakuna kidevu, akasema ushahidi hautoshi, akawaachia huru, akaenda kula.

Watu waliingia barabarani. Waliandika kwenye maboksi, "Mkamateni ukuta!" Wakapigwa mabomu ya machozi, wakakimbia, viatu vikabaki kwenye lami. Mkubwa mmoja akatangaza tume itaundwa. Mwendesha mashtaka akasema atakata rufaa akipata ushahidi mpya, akayasema hayo huku anaingia kwenye gari. Kisha watu wakarudi kwenye shughuli zao na hasira zao kifuani, wakabakiwa na utani tu. Utani hauombewi kibali polisi.

Sasa Mama Redio alikuwa na neno tumboni. Siku ile aliyokufa kinyozi, mumewe alirudi mapema, akavua shati, akamwambia ovyo tu kama mtu anayesimulia mpira, "Leo tumempiga yule kinyozi. Mtu mwenyewe laini kama mkate." Baadaye habari ya kifo ilipotoka, akamshika mkewe mkono, akamwambia, "Alijigonga. Umenisikia? Alijigonga." Naye alisikia. Akawaambia wateja wake, pini zikiwa mdomoni, kwamba marehemu alijigonga mwenyewe, masikini. Mama mkwe akalisema sokoni kwa sauti ya kuuza samaki. Neno likazoeleka ndani ya nyumba kama kigoda.

Baada ya kikombe ikaja harufu. Saruji mbichi. Mama Redio alinusa kila pembe akitafuta mahali palipovuja, hakuona. Mama mkwe akasema ni uchafu wa majirani.

Kisha cherehani. Mchana mmoja fundi alikuwa ameinama anakata gauni la mteja, akasikia nyuma yake cherehani inatembea, taratibu kwanza, halafu kwa kasi, kama fundi aliyechelewa. Akadhani ni Redio. "Toa mguu hapo, utajichoma sindano!" Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Pedali ilipanda ikashuka, sindano ilikuwa inatoboa hewa, na juu ya kiti kile mto wa sponji ulikuwa umebonyea, umebonyea kabisa, kama umekaliwa na mtu mzito.

Hakupiga kelele. Alichukua mkasi wake na gauni la watu, akaenda kushonea barazani kwa mkono.

"Umehama duka?" jirani alimtania.

"Mashine imejishona," akasema. Jirani akacheka mpaka akajishika mbavu. Ndilo tatizo la mji ule wakati ule: ukisema kweli, watu wanacheka.

Kilichomvunja moyo ni Redio kunyamaza. Mtoto alikaa anatazama ukuta, uji unapoa mbele yake. Mama akamvua nguo amwogeshe, akakuta mgongo una michirizi ya bluu, mipya, iliyolala sambamba.

"Nani kakupiga?"

"Nimejigonga."

"Wapi?"

"Ukutani."

"Mwanangu, mtu anajigongaje mgongo namna hii?"

Swali lile lilipomtoka, akalitambua. Lilikuwa la wakili, karibu neno kwa neno.

Kesho yake, jua likiwa juu na majirani wanaanika nguo, aliona mwenyewe. Redio alikuwa amesimama katikati ya chumba, mbali na kila ukuta, mikono imelegea, na mama yake alikuwa mlangoni na ndoo, akataka kumwita, ulimi ukagoma, maana harufu ya saruji ilikuwa imeshuka nzito chumbani, na mtoto akasukumwa na kitu kisichoonekana akarudi nyuma, akaenda, akaenda, visigino vikiburuza sakafuni, mpaka mgongo ukakutana na ukuta kwa kishindo, akavutwa mbele tena, akarudishwa tena, na kila kishindo ukuta ulitoa sauti ndogo ya kuguna, sauti ya mtu mzima anayejikaza asilie, na mtoto mwenyewe macho yalikuwa wazi, makavu, yanamtazama mama yake kama mtu anayesubiri aulizwe.

Ndoo ikaanguka. Mama akamrukia mwanawe, akamkumbatia, na pigo lililofuata likampata yeye mgongoni.

Mganga waliyemwita alikuwa bibi mmoja mwembamba, mtaani wakimwita Bibi Mkavu kwa sababu hakuwahi kumpa pole mtu. Alifika saa za alasiri, akavuta pumzi mlangoni, akauliza, "Humu kuna anayejenga?"

"Hakuna," akasema Mama Redio.

"Basi kuna anayedanganya. Leteni makaa."

Akafukiza ubani. Akawaketisha wote chini: Afande akiwa bado na sare, mama mkwe na tasbihi yake, majirani wawili waliokuja kuazima chumvi wakasahau kuondoka. Redio alilala mapajani kwa mama yake. Bibi Mkavu akainama kwenye sikio la mtoto.

"Wewe uliyemo. Nani kakutuma?"

Mdomo wa mtoto ukafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya chini, yenye adabu sana, na hiyo adabu ndiyo iliyowasimamisha nywele.

"Sikutumwa. Nilikuta nafasi."

"Nafasi gani?"

"Walisema mtu amekufa kwa kupigwa, wakasema hakuna aliyempiga. Waliapa. Kiti cha mpigaji kikabaki kitupu. Sisi tukikuta kitupu, tunakaa."

Mama mkwe alianza kulia. "Mwambie atoke! Bibi, mwambie atoke!"

"Nyamaza wewe, sokoni ulipiga tarumbeta," Bibi Mkavu akamkata. Akamgeukia mtoto. "Unataka nini utoke? Mbuzi? Kuku?"

"Sili. Mwenye kiti aje akae."

Macho ya wote yakamwendea Afande, hata majirani. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye kola.

"Baba Redio," mkewe akanong'ona. "Sema. Ni mwanao huyu."

"Mnataka nifungwe?"

"Umeshaachiwa. Sema hapa tu, mbele ya mtoto."

Afande akalamba midomo. Alitazama dirisha, alitazama mlango, alitazama buti zake. Hatimaye akasema, "Haya. Hakujigonga. Alipigwa."

Mama Redio akashusha pumzi. Mama mkwe akasema alhamdulillahi. Bibi Mkavu peke yake ndiye aliyefumba macho, kama mwalimu aliyesikia jibu la kijinga.

Mtoto akacheka. Kicheko kilianzia tumboni, chepesi, kikapanda.

"Alipigwa," ile sauti ikarudia. "Na nani?"

Afande akarudi kutazama buti zake.

"Umeondoa neno moja la uongo, ukaleta lingine la woga. Alipigwa, na nani? Naona kiti bado kitupu." Kisha mkono wa mtoto ukajipinda nyuma, taratibu, kama unapinduliwa na mtu mwenye uzoefu wa kazi hiyo. Redio akapiga ukelele kwa sauti yake mwenyewe, "Mama!"

"Wewe mwanamume, sema!" Bibi Mkavu akafoka.

Afande akasimama. "Nina wenzangu! Nina mkuu wa kituo! Mnadhani nilikuwa peke yangu?" Akaokota kofia, akatoka, mlango ukapigwa. Askari wa mitutu, akamkimbia mtoto wa kike aliyelala.

Mkono wa Redio ulikuwa umefika mahali ambapo mfupa huanza kulalamika. Mama yake hakufikiria. Aliwatazama majirani wawili, maana ndio waliokuwa wamelisikia lile neno la kwanza, la kujigonga, kutoka kinywani mwake, akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Mume wangu alimpiga. Yeye na wenzake wawili. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, akivua shati. Na mimi nilijua, nikawaambia ninyi kwamba alijigonga."

Mkono ukaachiwa. Mtoto akalegea, akaanza kulia kilio cha kawaida, cha kamasi, na hakuna muziki ulioshinda kilio kile kwa utamu.

Lakini sauti ilikuwa haijaondoka. Sasa ilitoka karibu na shingo ya mama, kwa nyuma, na ni yeye na Bibi Mkavu tu walioisikia.

"Umesema vizuri, lakini si wewe mwenye kiti, na hapa si mahali pake. Lipeleke neno hilo kule lilikozaliwa lile lingine la uongo. Nitakwenda nawe mpaka mtu alipokee. Ukichoka njiani, najua mtoto analala upande gani."

Bibi Mkavu alikusanya makaa yake. "Mimi nimefika mwisho. Huyu si wa ubani. Huyu ni wa mahakama."

"Bibi, mahakama yenyewe unaijua!"

"Ndiyo maana naenda nyumbani," akasema bibi, akaenda.

Mama Redio akampeleka mtoto kwa dada yake, akavaa gauni lake zuri, akaenda ofisi ya mwendesha mashtaka. Karani wa mapokezi alikuwa anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Nimekuja kutoa ushahidi. Kesi ya kinyozi."

"Kesi imekwisha."

"Mlisema mtakata rufaa mkipata ushahidi mpya. Mimi ndio huo."

"Wewe ni nani?"

"Mke wa mshtakiwa wa kwanza."

Karani akatoa kifuniko sikioni. "Mama, mke halazimishwi kumshuhudia mumewe."

"Nani kanilazimisha? Nimekuja na miguu yangu."

"Mhusika yuko semina. Njoo Jumatatu."

Jumatatu mhusika alikuwa na mgeni. Jumatatu iliyofuata aliyekuwepo hakuwa mhusika, na mhusika mwenyewe alikuwa amehamishwa. Mmoja akamwambia aende kwanza polisi akaandikishe maelezo. Huko polisi, mkuu wa kituo akamsikiliza vizuri, akamwagizia soda, akamwambia kwamba ana msongo wa mawazo na anawajua washauri wazuri. Mwanasheria mmoja kijana, mwenye tai nzuri, akamweleza kwamba alichokisikia kwa mumewe si sawa na alichokiona kwa macho, na tena muda wa kukata rufaa umebaki kidogo, na akaenda zake huku muda wenyewe unazidi kubaki kidogo.

Mumewe hakurudi tena nyumbani. Alihamia kituoni, akilala kwenye kochi la zamu, na kumwambia kila mtu kwamba mkewe amepagawa. Angalau hapo alisema ukweli nusu.

Kila mahali Mama Redio alipokaa kusubiri, palikuja harufu ya saruji mbichi, na upande wake wa kushoto benchi lilikuwa linabonyea. Alikuwa amechoka uchovu wa kufika kwenye mifupa. Lakini kila akitaka kuinuka aondoke, ubaridi ulimpita shingoni ukielekea mlangoni, kwenye njia ya kwa dada yake, naye anakaa tena.

Jumatatu moja alikuta benchini mwanamke mzee mwenye kitambaa cheusi. Alikuwa mama wa kinyozi. Huyo alikuwa mwenyeji pale kuliko mafeni. Wakatazamana. Mama Redio akapiga magoti, akasema sentensi yake yote, kuanzia mume wangu mpaka mwisho, bila kuruka mtu.

Mama mzee akamsikiliza.

"Mimi umenipa nini?" akasema. "Mimi nilijua tangu nilipomwosha mwanangu. Kawaambie wasiojua."

"Nakuja kila Jumatatu, mama. Hawanipokei."

"Na mimi nakuja kila siku. Inuka, sakafu chafu. Kaa." Akasogea kumpa nafasi, kisha akasita, akakunja pua, akatazama pale katikati yao palipokuwa pamebonyea. "Huyu uliyekuja naye ni nani?"

"Anamsubiri mwenye kiti."

Mama mzee akawaza kidogo. "Basi asininyime nafasi. Benchi la serikali hili."

Wakakaa. Mafeni yakazunguka joto lile lile. Kabla ya saa ya kula karani akatokea, akawaona, akaguna.

"Ninyi tena. Siwezi kuingiza msururu kwa mwanasheria. Mko wangapi?"

"Watatu," akajibu mama wa kinyozi.

Karani akatazama benchi, akawaona wawili, akafungua mdomo awasahihishe. Harufu ikamfikia. Akaufunga mdomo, akarudi nyuma ya meza yake bila kuwapa mgongo, akakaa, halafu polepole, kwa visigino, akakisogeza kiti chake mbali na ukuta.