Shimo Mbele ya Ukuta

Maiti ya Ngassa, mlinzi wa bwawa, ilikutwa kwenye majaruba ya mpunga, kichwa kimepasuka, mdomo umejaa tope. Upepo mkali ulivuma jana yake, ukuta wa bwawa ukabomoka, na maji yakamchukua.

Inspekta Koleta alipofika kutoka Igunga, sungusungu, walinzi wa kijiji, walishamfunga kamba Silasi, mkulima wa mpunga. Walikuwa wengi, marungu mkononi, na hakuna aliyepiga kelele. Ukimya ule ulimtisha Koleta kuliko matusi.

"Shikamoo mzee," alimwamkia kamanda wao, Sayi, baba wa marehemu.

"Marahaba. Huyu alitaka maji, mwanangu akamnyima. Kaukata ukuta kwa jembe, kampasua Ngassa kichwa. Tuachie sisi, afande. Leo hii tunammaliza."

Koleta alikuwa na askari mmoja tu. Aliomba ufito, akapanda juu ya ukuta.

Kando ya pengo, mawe ya upande wa maji yalikuwa yameporomokea ndani. Alichomeka ufito kwenye maji yaliyobaki, ukazama wote. Kule ukuta ulikosimama mzima, tope lilikuwa limeinuka mbele yake kama baraza.

"Jembe hukata kuanzia juu," alisema aliposhuka. "Huu umeliwa kuanzia chini. Kule kina ni kifupi, mawimbi huvunjika kabla ya kufika. Hapa pamechimbwa, yakaupiga ukuta kwa nguvu zote. Nani alichimba?"

Marungu yalishuka.

"Mzee Sayi, nakuuliza wewe."

"Katapila la barabara. Nilimwomba dereva."

"Kwa nini hapa?"

"Hapa ndipo maji hukauka mwisho. Kiangazi kilichopita ng'ombe wetu walinasa topeni wakitafuta maji, wakafia humo. Nilitaka shimo la kutunza maji, liwavushe kiangazi."

"Ngassa alijua?"

"Alinikataza. Alisema, 'Baba, hapo ndipo mawimbi yanapochokea.' Nikamwambia mawimbi hayana kiu, wenye kiu ni ng'ombe."

"Na jana?"

"Upepo ulipoanza, nilimtuma akaongeze mawe ukutani."

Ukuta ulikuwa umeporomoka naye, mawe na yote. Koleta alimfungua Silasi kamba kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna aliyemzuia.

"Ulijua, na bado ukamsingizia huyu."

"Akiwa kauawa na Silasi, mimi ni baba aliyefiwa. Akiwa kauawa na maji, afande, nitamwambia nini mama yake?"