Mchinjaji Aliyeogopa Kisu

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alipitia buchani kwa mjomba wake kumsaidia kuosha ndoo na kufuta meza. Jina hilo alilipata kwa mdomo wake, ambao haukujua likizo. Lakini siku hizo nyumbani hakukuwa na wa kucheka naye. Figo zote mbili za mama yake zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Alilazwa hospitali, akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Daktari alisema mashine haitamfikisha mbali. Alihitaji figo ya ndugu. Waliopimwa walikuwa kadhaa, aliyefaa ni mmoja tu: mjomba. Naye alikwisha kubali.

Ila bucha haikosi maneno.

"Mchinjaji, nasikia sasa ni zamu yako kulazwa mezani!" mteja mmoja alimtania. "Ukifunguliwa, maini tutauziwa bei gani?"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba naye alicheka, lakini nyama aliyokuwa akiikata aliiacha nusu.

Chiriku akadakia bila kufikiri, "Shuleni wanasema aliyetoa figo habebi tena hata ndoo ya maji!"

Mjomba akaweka kisu chini. Kesho yake alitakiwa hospitali, hakwenda.

Mama alipoambiwa, aligeukia ukutani. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimfuata mjomba buchani.

"Mjomba, ni mimi niliyekutisha?"

"Si wewe peke yako, mpwa wangu. Miaka yote hii napasua wanyama. Sijaona kilichopasuliwa kikaamka."

"Umemuuliza nani?"

Mjomba akaanza kufuta meza.

"Hata mimi sikuuliza," Chiriku alisema huku akilia. "Nilisikia maneno, nikayabeba. Twende tukaulize, mjomba. Mama anakufa."

Wakaenda. Wodini, kitanda kilicho jirani na cha mama kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Hapo alikuwa akilala fundi cherehani, kijana mcheshi, naye pia akingoja figo.

"Amefariki alfajiri," muuguzi aliwaambia taratibu. "Ndugu alikuwa nao tele. Kila mmoja alisikia lake mtaani, hakuna aliyekuja kutuuliza."

Mjomba alilitazama lile godoro. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto, "Nikifunguliwa, nitaamka?"

"Sitakudanganya, hatari ipo. Ndiyo maana tunakupima mwili mzima kwanza. Lakini walio wengi huamka, wakapona, wakarudi kazini na figo moja. Na ukikataa, ni haki yako. Hakuna wa kukulazimisha."

"Na ndoo ya maji?" Chiriku aliuliza.

"Akishapona vizuri, atabeba."

Mjomba alikwenda kuketi kando ya mama. "Mdogo wangu," alisema, "nisamehe. Niko tayari."

Alifunguliwa, na aliamka akilalamika maumivu kama mtu mwingine yeyote. Mama naye alianza kupata nafuu, polepole, na uvimbe wa miguu ukapungua. Chiriku alipomletea maji ya kunywa, mjomba alimshika mkono.

"Kuogopa si aibu, Chiriku," alimwambia. "Aibu ni kusikiliza kila mtu isipokuwa anayejua. Yule fundi hakuuawa na figo peke yake. Midomo ya watu ilisaidia."