Jino la Tano

Mara moja kila dakika Fuko aling'ata mwamba, na hakusimama hata alipokuwa akibadilishiwa meno.

Alikuwa mchimbuzi wa tani mia tisa, asiye na dereva, akifukua barafu iliyolala chini ya mawe ya Mwezini. Vumbi la huko halijawahi kulainishwa na maji wala upepo. Kila chembe ni kama kipande cha chupa, na hula chuma. Kwa hiyo ndoo ya Fuko ilivishwa meno matano, kila moja likishikwa na pini yake. Jino likichakaa, mkono-fundi uliojikunja ubavuni mwa mashine uligonga pini, ukachomoa jino kuukuu na kuvika jipya, ndoo ikiwa bado njiani kurudi mwambani. Kwa miaka sita ndoo ilikuwa imemaliza meno elfu kumi na moja. Yenyewe ilikuwa bado na rangi ya kiwandani kwenye kona zake.

Fuko alisimama kwa jambo moja tu: nyundo ya Nkwimba.

Kila saa alilaza ndoo chini, na Nkwimba akagonga meno moja moja. Mwezini hakuna hewa ya kubeba sauti, lakini jino zima lilirudisha mtetemo mkali kwenye mpini wa nyundo. Mtetemo wa lenye ufa ulifia mkononi. Mashine zilikuwa zimeshindwa kujifunza tofauti hiyo. Na jino likikatika likaingia kwenye behewa la mawe, lilisafiri kilomita thelathini hadi kwenye kinu cha kusaga mawe. Kinu hakisagi chuma. Hukibana, kisha hukitema kama risasi.

Kinywani mwa kinu, akichokonoa mawe yaliyokwama, alisimama Pazi.

Walikuwa wawili tu upande ule wa Mwezi. Walionana mara moja, siku ya kufika. Baada ya hapo ilikuwa redio.

"Wewe Msukuma," redio ilisema asubuhi ile, "umeamka, au bado unaota ng'ombe?"

Kwa kawaida Nkwimba, mtani wake, angejibu kwamba Wazaramo hata debe likianguka huanza kucheza wakidhani ni ngoma. Leo hakuweza.

"Pazi, mama amefariki. Kaka ameniletea ujumbe. Wanazika kesho."

Akangoja. Baba yake Pazi alipofariki mwaka jana, Nkwimba alimwambia, "Mzee kafanya vizuri. Amechoka kungoja uoe." Pazi alicheka hadi akalia, kisha akasema, "Ahsante, mtani. Sasa msiba umefika." Leo ilikuwa zamu ya Pazi. Nkwimba aliuhitaji mzaha ule kama mtu anavyohitaji mlango.

"Pole sana kwa msiba, dada Nkwimba," redio ilisema. "Mwenyezi Mungu akutie nguvu katika kipindi hiki kigumu."

Dada? Pazi hakuwahi kumwita dada.

Alisimama na nyundo mkononi, akilitafuta jibu, na saa ya kugonga ikapita. Fuko, aliyekuwa amengoja muda wake, aliinua ndoo na kuendelea. Nkwimba alipogutuka, behewa lilikuwa limeondoka kitambo, na mahali pa jino la tano palikuwa na pengo.

"Pazi! Jino limetoka! Ondoka kinywani!"

"Nimetoka."

Papo hapo. Sauti tulivu. Pazi mwenye kitambi, ambaye kukimbia hatua ishirini ndani ya vazi lile kulimfanya ahemee redioni kama mvukuto!

Nkwimba akakumbuka mwezi wa nne. Siku ile pia jino lilikatika, pia alipiga kelele, na baada ya kimya kifupi sauti ikajibu hivyo hivyo: nimetoka. Alilala vizuri usiku ule.

Aliwasha laini ya Duniani. "Injinia Mwanate, nani yuko kwenye kinu?"

Maneno huchukua sekunde kufika Duniani na kurudi. Alihesabu sekunde. Zilizidi za safari.

"Hakuna mtu," injinia alisema hatimaye. "Tumeweka mkono-fundi. Tangu mwezi wa nne."

"Na Pazi?"

"Jino lilimpata, Nkwimba. Tulikuwa na sauti yake, maongezi yenu ya miezi mingi. Tuliona ukibaki peke yako utavunjika, na hatuna mtu mwingine wa kugonga."

"Mkanivika jino jipya."



"Msukuma," ile sauti ilirudi, na kicheko kile kile cha Pazi, "michembe yenu ya viazi vikavu imekuziba mdomo?"

Alichomoa waya wa redio kwenye kofia yake.

Fuko alilaza ndoo tena, na Nkwimba akapiga magoti mbele yake.

"Pazi," alisema ndani ya kofia, "Mzaramo mvivu wewe. Umekufa ili usikimbie tena, siyo?" Akacheka peke yake, kioo cha kofia kikaingia ukungu.

Bado kulikuwa na msiba mmoja usio na mtani. Akaigiza ile sauti nzito ya Pazi, ya pwani.

"Na mama yako, Msukuma, amefanya vizuri. Amechoka kutazama Mwezi kila jioni akidhani utampungia mkono."

Ndipo akalia. Sasa msiba ulikuwa umefika.

Mkono-fundi ulikuwa umeshavika jino la tano. Nkwimba aliligonga. Lilikuwa zima.