Mzungu Aliyesubiriwa Katesh

Basi la kutoka Arusha lilipoingia stendi ya Katesh, Baltazar alikuwa ameshasimama pale saa nzima, mikononi ameshika kipande cha boksi la sabuni alichoandika kwa kalamu nene: KARIBU MWALIMU GLORY KUTOKA UINGEREZA. Alivaa suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi mara mbili na shati jeupe, ingawa kwa vumbi na upepo wa siku ile, weupe wenyewe ulibaki kwenye kola tu.

"Mwalimu, mzungu wako hajafika?" muuza mayai alimtania.

"Yuko njiani. Wazungu hawachelewi, yanayochelewa ni mabasi yetu."

Abiria wakaanza kushuka. Mama mwenye gunia, mzee aliyejifunika blanketi, kisha dada mmoja mrefu mwenye suruali ya jinzi na sweta la kijani, nywele kasuka mistari, anaburuta sanduku lililokatika gurudumu moja. Baltazar alimpisha apite, tena kwa adabu, maana alikuwa anamzuia kuona mlango. Mzungu alishuka wa mwisho. Alikuwa mwanaume, begi la mgongoni kubwa kama godoro, ndevu zimemfika kifuani.

Baltazar hakukata tamaa. Alimkimbilia akamwuliza kwa Kiingereza mke wake yuko wapi. Yule bwana akajibu kwamba hana mke, amekuja kupanda Mlima Hanang.

"Shikamoo," sauti ikasema nyuma yake.

"Marahaba," Baltazar akajibu bila kugeuka, macho bado yako mlangoni mwa basi.

"Samahani. Glory ni mimi."

Aligeuka. Ni yule dada wa sweta la kijani. Uso mwembamba, pua iliyonyooka, macho ya kucheka. Sura kama hiyo ungeikuta sokoni Mbulu siku yoyote, imeinamia fungu la viazi.

"Wewe? Mbona..."

"Mbona nini?"

Aibu ilimpanda Baltazar hadi masikioni, akatafuta pa kutokea. "Mbona unanipa shikamoo? Mimi nina miaka thelathini na moja tu!"

"Baba aliniambia Mbulu na Hanang shikamoo haikosei."

"Imekosea leo. Na nimeshajibu marahaba, kwa hiyo sasa mimi ni babu yako."

"Haya, Babu," Glory alimkabidhi mpini wa sanduku, "mbebee mjukuu wako."

Muuza mayai alicheka mpaka akakalia ndoo yake.

Baba yake Glory, Sebastiani Bura, alikuwa mtoto wa kijiji cha Daudi, kule juu Mbulu. Aliondoka kijana kwenda kusomea uuguzi Uingereza, akaoa huko mwanamke Mmbulu mwenzake, na Glory akazaliwa katika mji wa Leeds. Mwaka mmoja baada ya kumzika baba yake, binti akaomba kazi ya kufundisha Kiingereza katika nchi ambayo alikuwa ameisikia tu mezani wakati wa chakula. Mkurugenzi Gerald, mwenye shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza alikofundisha Baltazar, alimsaili kwa simu. Alisikia Kiingereza kinachoteleza, akaona jina limeandikwa Glory Sebastian, akatangazia wazazi kwamba mzungu anakuja. Hakujiuliza mara mbili, ingawa mlinzi wake mwenyewe, Mmbulu halisi, anaitwa Wolfgang.

Sasa Mkurugenzi alimwangalia Glory kuanzia nyweleni hadi viatuni, kisha akamgeukia Baltazar kama aliyeletewa mbuzi badala ya ng'ombe.

"Huyu si wa Daudi huyu?"

"Amezaliwa Leeds, Mkurugenzi."

"Kuzaliwa nimeelewa. Wazazi nitawaonyesha nini, cheti cha kuzaliwa?"

Alimpa muhula mmoja wa majaribio. Glory alishukuru, akatoka, akakaa kwenye ngazi za ofisi. Baltazar alimfuata, akakaa ngazi moja chini yake.

"Leeds waliniuliza kila siku kwetu hasa ni wapi," Glory alisema. "Nikajibu Mbulu, nikajibu mpaka nikachoka. Nimefika, na huku wanataka niwe wa Leeds. Sasa niende wapi, Babu?"

"Uende darasani," Baltazar alisema. "Darasa la pili wanakusubiri."

Alikwenda, na alifundisha. Watoto waliokuwa wanakariri sentensi za vitabuni kama wimbo wa kanisani walianza kuandika Kiingereza cha mbuzi wao, bibi zao na mvua iliyong'oa bati. Brightness, binti wa Justina mwenye duka la vitenge stendi, alikuwa hajawahi kufungua mdomo darasani tangu aanze shule. Mwezi wa tatu wa muhula alisimama akasoma ukurasa mzima.

Baltazar naye alikuwa anajifunza mambo yake. Saa nne walikunywa chai na chapati kwenye mgahawa wa jirani, jioni akamsindikiza hadi nyumba aliyopanga, kisha wakaachana, kisha simu ikaita.

"Babu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe mjukuu?"

"Nimepika ugali. Umegoma kuiva."

"Ugali haugomi, mpenzi. Wewe ndiye umeususa mwiko."

"Umeniitaje?"

Huko barabarani lori la kwenda Singida lilipiga honi.

"Nimekuita mpenzi," Baltazar alisema. "Nimerudia ili usije ukasema mtandao ulikuwa mbaya."

"Mtandao ni mzuri sana leo," Glory alisema polepole, na Baltazar alicheka peke yake chumbani. Alimpenda. Alimpenda alivyokosea Kiswahili bila woga, na alivyowasalimu watu wote shikamoo, hadi makonda, hadi wasichana wa saluni, kwa kuhofia kumkosea heshima hata mmoja.

Muhula ulipokaribia mwisho, Jumatatu ya wiki ya Siku ya Wazazi, Mkurugenzi alimwita ofisini.

"Jumamosi asubuhi chukua gari uende Haydom. Kuna binti wa Kipolandi anajitolea kule, nimemwalika. Atasimama mbele kidogo, wazazi wamwone. Wewe si ndiye mshereheshaji? Utatafsiri nitakachosema."

"Na Mwalimu Glory?"

"Atakaa na darasa lake. Usimwambie kitu, atatuvurugia. Kisha tutaona kama majaribio yake yanaendelea."

Baltazar alisema sawa. Akajiambia kwamba anamlinda Glory asipoteze kazi, lakini tuseme ukweli, kazi aliyokuwa anailinda ni yake. Jumanne hakumwambia. Jumatano alianza, akakatisha. Ijumaa Glory alipiga simu.

"Kesho nitaongea na wazazi kwa Kiswahili, Babu. Nimeandika hotuba. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kuku wa mama mwenye nyumba, wote wamenielewa."

"Vizuri."

"Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Nimechoka tu, mpenzi. Lala salama."

Siku ya Wazazi uwanja ulijaa. Glory alivaa gauni la kitenge cha bluu alichonunua kwa Justina, likamkaa vizuri mpaka akina mama wakagusana viwiko. Mkononi alikuwa na karatasi yake. Watoto wa darasa la pili walisoma hadithi zao, wazazi wakashangilia. Ndipo Mkurugenzi akamshika mkono binti wa Kipolandi, akamsimamisha mbele, akatangaza kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye mwalimu aliyewafundisha watoto hawa. Yule binti akatabasamu kwa wasiwasi, akidhani amesikia vibaya.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Baltazar. Watu mia tatu walimngoja. Alimwona Glory pembeni mwa watoto wake, karatasi bado kaikunja mkononi, anamtazama bila hofu, kama anayejua kwamba mtu wake hatasema uongo huo.

"Huyu," Baltazar alisema, "ndiye mwalimu aliyewafundisha watoto hawa Kiingereza."

Makofi yalivuma. Glory aliiweka karatasi ndani ya mkoba, akaufunga zipu.

Baltazar alimkuta nyuma ya madarasa.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu. Nilitaka kukwambia, Glory, kila siku nilitaka..."

"Mkurugenzi simlaumu sana. Hanijui." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Siku ile stendi ulinipita kwa sababu hukunijua. Leo unanijua, Baltazar, na umenipita tena."

"Mpenzi wangu..."

"Kwaheri, Mwalimu Baltazar."

Siku hiyohiyo alipanda gari la Mbulu kwenda Daudi kwa Bibi Gaudensia, mama mzazi wa baba yake. Kwa mama mwenye nyumba aliacha ujumbe kwamba Jumamosi inayofuata anaruka kurudi Uingereza. Baltazar alipiga simu mara kumi na nne. Haikupokelewa hata moja.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, alisimama nyuma ya choo cha walimu, akajirekodi sauti, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. "Mimi Mwalimu Baltazar nilitafsiri uongo Jumamosi, nikijua ni uongo. Mwalimu wa watoto wenu ni Glory, mtoto wa marehemu Sebastiani Bura wa Daudi. Nimemkosea yeye, na nimewakosea ninyi."

Wazazi wengine walimshukuru. Wengine waliandika kwamba walichoahidiwa ni mzungu na mzungu wanamtaka. Kabla ya saa ya chai Mkurugenzi alikuwa amemfukuza. Wolfgang alimfungulia geti akampa mkono kimyakimya, na kwa Wolfgang hiyo ilikuwa hotuba.

Simu ya Justina ilimkuta barabarani.

"Mwalimu, mimi Mbarbaig wa kuchunga, shule niliiona nikiwa nje ya uzio. Juzi Brightness kanisomea hadithi ya ng'ombe wetu aliyekufa, kwa Kiingereza, kisha akanieleza kwa Kibarbaig. Nimelia. Huyo mwalimu yuko wapi?"

"Anaondoka, dada."

"Anaondokaje? Nyuma ya duka nina chumba kitupu. Nimeongea na wenzangu, tuna watoto kumi na mmoja wa kufundishwa jioni. Kamlete!"

"Sijui kama atanisikiliza."

"Hukuulizwa kama atakusikiliza. Umeambiwa nenda."

Jumatano alishuka Daudi, ukungu umelala mashambani na baridi inauma masikio. Bibi Gaudensia alikuwa uani, blanketi mabegani, anachambua vitunguu saumu. Pembeni yake Glory, amevaa lile sweta la kijani na buti za mpira. Aliinua macho, akayarudisha kwenye vitunguu.

"Shikamoo, Bibi," Baltazar alisema.

Bibi hakujibu.

Alidhani hakusikia. Akakaribia, akainama. "Shikamoo, Bibi."

Bibi alimenya ganda, akalitupa. Huko kwao hata anayemdai mwenzake shamba mahakamani huitikia shikamoo kwanza, kisha wakagombana. Baltazar hakuwahi katika maisha yake kuona salamu yake ikiachwa hewani. Angeweza kuondoka, na moyo ulimwambia aondoke, lakini alichuchumaa mbele ya lile fungu akaanza kukata mizizi ya vitunguu. Hakuna aliyemkaribisha, wala aliyemkataza. Walifanya kazi hivyo watatu mpaka jua likapenya ukungu na vidole vyake vikawasha.

"Ndiye huyu wa kipaza sauti?" hatimaye Bibi aliuliza.

"Ndiye," Glory alisema.

"Ndiye mimi, Bibi. Niliogopa kufukuzwa, nikamwuza mjukuu wako. Jumatatu nimewaambia wazazi wote ukweli."

Glory aliacha kisu. "Umewaambia?"

Huko Daudi mtandao unakuja na kuondoka, hakuwa amesikia lolote. Baltazar alitoa simu, akaibonyeza, na sauti yake mwenyewe ikasikika uani, inatetemeka. Glory alisikiliza hadi mwisho. Akaomba irudiwe.

"Na Mkurugenzi?"

"Kanifukuza kabla ya chai."

"Kwa hiyo huna kazi."

"Kama wewe."

Alitaka kubaki na hasira, ilionekana, lakini kicheko kilimponyoka, na machozi yakafuata nyuma yake. Baltazar akamweleza habari za Justina, chumba nyuma ya duka, watoto kumi na mmoja. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kile kipande cha boksi la sabuni. Upande wa pili alikuwa ameandika: MWALIMU GLORY BURA WA DAUDI.

"Ni la mlangoni," alisema. "Ukikubali."

Glory alilitazama kwa muda mrefu.

"Hapana."

Baltazar alianza kulirudisha boksi mkobani.

"Umekosea," Glory alisema. "Leeds umeiacha. Mama yangu yuko kule, Baba amezikwa kule. Wa kule walitaka niwe wa huku, wa huku wakataka niwe wa kule, na wewe sasa unanikata upande. Mimi ni wa kote kuwili. Kama huwezi kuyaandika yote, usiandike."

Baltazar alitoa kalamu nene mfukoni, akaweka boksi juu ya goti, akaongeza: NA WA LEEDS. Herufi za mwisho zilibanana pembeni kwa kukosa nafasi.

"Tiketi ni ya Jumamosi," Glory alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Ukitaka kwenda nitakubebea sanduku mpaka uwanja wa ndege. Lakini sitaki uende, Glory. Nataka nikuoe."

Glory aliinamisha kichwa, vidole vyake vikitafuta vidole vya Baltazar katikati ya maganda ya vitunguu. Vyote vilinuka.

"Tiketi huwa inasogezwa mbele," alisema. "Lakini mimi huku nina bibi, Babu. Haulizwi mjukuu peke yake."

Bibi Gaudensia alijipangusa mikono kwenye blanketi. Akamwuliza Baltazar ukoo wake, kisha ukoo wa mama yake, kisha ukoo wa bibi yake mzaa baba. Alihesabu kwa midomo bila sauti, ukoo huu na ule, akitafuta kama kuna damu inayokutana. Glory alimbana Baltazar vidole mpaka vikauma.

"Hatuingiliani," Bibi alisema.

Kisha akainua uso, akamtazama kijana machoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Marahaba, mwanangu."