Simu ya Eino Haikuamka

Foleni ya kahawa katika stesheni ya treni ya Tampere, Ufini, ilikuwa ndefu. Msichana Sohvi, koti lake jekundu limelowa theluji, akamkanyaga kijana mrefu mwenye sweta ya kufumwa.

"Pole, kaka. Lakini mguu wako umejaa njia nzima!"

"Basi ununulie mguu huo andazi la mdalasini," akajibu Eino.

Wakacheka. Kumbe wote wawili ni mafundi wa programu za simu. Mapenzi yakashika kama kuni za sauna, lile bafu la mvuke.

Sasa sikilizeni. Simu ikilala, kengele zote za vifaa vyake vya ndani, yaani ishara za kuiita ifanye kazi, hunyamazishwa na programu, betri isiishe. Huachwa moja tu, ya kuiamsha mtu akipiga. Eino aliandika programu hiyo, akaijaribu kwenye simu yake mwenyewe, kama wafanyavyo wenzake. Ile moja akasahau kuiacha. Tena kila Eino alipoiwasha kwa mkono, programu ilifuta kengele zilizokuwa zikingoja, isibaki hata alama ya aliyepiga.

Wiki hiyohiyo Sohvi akaitwa kazini Stokholm, Uswidi. Moyoni alikuwa na neno moja: "Niambie nisiende, mpenzi, nami siendi." Akapiga, akapiga. Simu ya Eino imelala fofofo. Akafunga mizigo.

Eino aliposikia kwa wenzake kwamba Sohvi alimpigia bila kujibiwa na sasa anaondoka, akagundua kosa lake, akakimbilia stesheni bila kofia.

"Sohvi! Sikukukataa, mpenzi! Nilizima hata kengele ya kuamsha!"

Sohvi, fundi, akaelewa papo hapo. Akacheka huku machozi yanamtoka. "Mjinga wewe! Kosa la mwanafunzi hilo."

"Nimesharekebisha. Nipigie uone."

Akapiga. Simu ikaamka, ikaimba mfukoni. Eino akamnyooshea mikono. Lakini kicheko cha Sohvi kilikuwa kimeanza kuzimika.

"Eino, ilizuia simu za kuingia tu. Ungepiga wewe, je?"

Eino akashusha mikono.

"Ingetoka," akasema Eino. "Nilidhani umenuna. Kwetu mtu akinyamaza, huachwa atulie."

"Juma zima, mpenzi? Simu ililala. Wewe ulikuwa macho."

Treni ya kwenda bandarini, kwenye meli ya Stokholm, ikaingia. Sohvi akambusu shavuni, polepole, akapanda.

Milango ilipofungwa ndipo Eino alipopiga, mara yake ya kwanza. Iliita, ikaita. Behewani Sohvi aliitazama simu yake ikimulika mapajani mwake, jina la Eino likiwaka, akaiacha iite mpaka ikanyamaza yenyewe.