Debe Moja la Maji Mabichi

Siku ya mchezo Selpha aliamka kabla ya jogoo, na hasira zake ziliamka pamoja naye.

Wanaume wa lokesheni ya Thika, mtaa wa wafanyakazi Waafrika, walipenda mpira sana. Walikuwa na kamati. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, na karani, na mtu wa kutunza mpira wenyewe. Barasa, mume wa Selpha, ndiye aliyekuwa karani. Kazi kubwa ya kamati ilikuwa kukaa kwenye benchi na kuzungumza. Kazi ya kuwapikia wageni haikuwa na kamati. Ilikuwa na Selpha.

Barasa alifanya kazi katika kiwanda cha mananasi. Kila Ijumaa alikuja nyumbani na gunia la maganda. Selpha aliyaosha maganda hayo, akayachemsha pamoja na tangawizi na sukari, akayachuja kwa kitambaa safi. Kilitoka kinywaji kitamu sana. Ndicho kilichompa jina. Watu wengi hawakumwita Selpha, wala Mama Nelima. Walimwita Mama Nanasi, na yeye alilipenda jina hilo kuliko gauni lake la Krismasi.

Jumamosi hiyo, mwaka 1958, wageni walikuwa vijana wa Ruiru. Siku zile watu hawakukusanyika hivi hivi tu. Ilibidi kuomba karatasi ya ruhusa kwa D.O., ofisa wa serikali ya kikoloni. Kamati ilikuwa imeipata karatasi hiyo baada ya kwenda na kurudi mara nne.

Saa tatu asubuhi bomba la mtaa lilikauka. Selpha hakujali. Maji yake alikuwa ameteka jana yake. Kuanzia saa sita alichemsha sufuria mbili kubwa za kinywaji kwa saa nzima, pamoja na jirani yake Syokau. Walionja kikombe kimoja kimoja kikiwa bado moto.

"Leo umeweza," Syokau alisema.

Barasa aliingia akifunga tai.

"Baba Nelima, wageni wanafika saa kumi, siyo?"

"Saa nane."

"Saa nane? Juzi ulisema saa kumi."

"Tulibadilisha. Kwani sikukuambia?"

"Hukuniambia."

"Basi nimekuambia sasa."

Selpha aliuma mdomo. "Hiki kinywaji hakitakuwa kimepoa saa nane. Wataungua midomo."

"Niachie mimi," Barasa alisema. "Wewe pika nyama."

Selpha alimwachia. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Mke aliyeishi na Barasa miaka tisa alipaswa kujua maana ya "niachie mimi".

Saa nane na nusu, kinywaji kilikuwa kwenye pipa kando ya uwanja, na kilikuwa baridi. Wachezaji walichota kwa vikombe, wakanywa, wakachota tena. Selpha alipita mbio na sinia la nyama.

"Mbona kimepoa haraka hivi?" aliuliza.

"Upepo," Barasa alijibu.

Thika ilifunga mabao matatu. Ruiru ilifunga moja. Selpha hakuona hata bao moja. Alikuwa anaosha sufuria.

Jumatatu Barasa aliumwa na tumbo. Alikimbilia choo cha mtaa mara sita kabla ya saa nne. Selpha alifikiri ni zile nyama za kuchoma alizozoea kula sokoni. Hakumwonea huruma sana. Alimpa maji ya kunywa, akaenda bombani.

Jumatano Magdalene Ngina alifika kutoka Ruiru na magunia yake ya kabichi. Alikuwa mteja wa kinywaji cha Selpha, na rafiki yake. Siku hiyo hakukaa. Alisimama mlangoni.

"Mama Nanasi, kuna maneno huko kwetu. Si mazuri."

"Yaseme."

"Wachezaji wetu saba wanaharisha. Muigai, yule golikipa, amelazwa hospitali. Hata kusimama hawezi. Watu wanasema ni ile kinywaji yako. Wanasema uliwatilia dawa ndio washindwe."

"Mimi?"

"Wanasema nyinyi watu wa kutoka mbali mnajua dawa. Mimi siamini. Lakini nimeona ni vizuri usikie kwa rafiki." Ngina alitazama chini. "Na Muigai akifa, sijui itakuwaje."

Selpha alikaa juu ya kigoda. Alikuwa amechagua maganda hayo moja moja. Alikuwa amechemsha mpaka macho yakamtoka machozi kwa moshi. Na sasa aliitwa mchawi.

Maneno yalifika Thika kabla ya jua kutua. Kesho yake bombani wanawake wawili walisogeza ndoo zao mbali na yake. Hawakusema kitu. Kama wangesema, angewajibu, na angewajibu vizuri. Lakini walisogeza tu ndoo.

Selpha aliacha ndoo yake pale pale kwenye foleni. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya bwana afya.

Bwana afya wa lokesheni aliitwa Macharia. Alikuwa mtu mpole mwenye kofia ya kaki na daftari. Watu walimjua kwa kuchungulia vyoo na kukagua nyama buchani.

"Bwana Macharia," Selpha alisema, "watu wanasema mimi nimetilia wageni dawa. Njoo ukague sufuria zangu. Kagua maganda, kagua sukari, kagua hata mimi. Nimechoka."

"Kaa kwanza, mama."

"Sikai. Nikikaa nitalia, na mimi sitaki kulia hapa."

Macharia alichukua kofia yake.

Jioni hiyo alikaa nyumbani kwa Barasa, daftari juu ya goti. Barasa alikuwa amepata nafuu, lakini hakuwa na maneno mengi. Syokau naye aliitwa.

"Nani alikunywa kinywaji hicho?" Macharia aliuliza.

"Sisi wawili tulikuwa wa kwanza," Syokau alisema. "Jikoni, kikiwa moto."

"Mliumwa?"

"Hapana. Mimi niko sawa, na Mama Nelima yuko sawa."

"Na wachezaji wa hapa Thika?"

"Watano wameumwa," Barasa alisema polepole.

Selpha aligeuka. "Watano wa kwetu? Na wewe ulijua?"

"Nilisikia."

"Ulisikia! Mimi naitwa mchawi wa kuwaua watu wa Ruiru, na wewe unajua hata watu wa Thika wameumwa, na umenyamaza?"

Barasa alitazama viatu vyake. Macharia aliandika kidogo, kisha akainua kichwa.

"Waliokunywa kikiwa moto jikoni ni wazima. Waliokunywa kikiwa baridi uwanjani wameumwa, wa Ruiru na wa Thika pia. Basi kuna kitu kilitokea kati ya jiko na uwanja. Nani alibeba?"

Barasa alimtazama kuku aliyepita mlangoni.

"Bwana Barasa, kinywaji cha moto kilipoaje haraka hivyo?"

"Nilikipoza," Barasa alisema.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa maji."

"Maji gani? Siku hiyo bomba lilikuwa limekauka."

"Ya kijito. Pale chini ya uwanja." Barasa alionyesha kwa kidevu. "Lakini ilikuwa debe moja tu. Na ile ya kuchemshwa ilikuwa nyingi, sufuria mbili. Nilisema hiyo maji moto itaua uchafu wote. Wageni walikuwa wamefika, jua ni kali, ningefanya nini?"

Selpha alisimama. Kijito kile alikijua. Juu yake watu walifua nguo. Juu zaidi ng'ombe walikunywa na kufanya mambo mengine ya ng'ombe. Watoto wa mtaa hawakwenda mbali wakibanwa.

"Saa nzima nilichemsha," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Barasa aliiogopa zaidi kwa sababu hiyo. "Saa nzima, Baba Nelima. Nikasema nawe, ukaniambia nikuachie. Ukaja kumwaga maji ya kijito juu ya kazi yangu. Kisha ukaniambia ni upepo."

"Nilifikiri si kitu."

"Ungeniuliza."

Macharia alifunga daftari. "Bwana Barasa, kosa hili si lako peke yako. Naliona kila mahali penye sherehe. Mama anachemsha vizuri, kisha mtu anaongeza maji mabichi kidogo ili kipoe. Hebu niambie. Nyumbani mnagandisha maziwa?"

"Ndiyo," Selpha alijibu. "Maziwa lala."

"Mnafanyaje?"

"Nachemsha maziwa, naacha yapoe kidogo. Natia kijiko kimoja cha yale ya jana."

"Kijiko kimoja tu. Na asubuhi?"

"Sufuria yote imeganda."

"Basi ndivyo vijidudu vinavyofanya. Ni vidogo, macho hayavioni. Katika kinywaji kitamu kilichokaa juani, vinazaana haraka. Maji yakichemka sana, vinakufa. Lakini yale mabichi ukiyatia nje ya moto, vijidudu vyake vinaingia vikiwa hai. Joto lililobaki halitoshi kuviua. Debe moja linaharibu pipa zima. Ukiongeza maji, rudisha motoni mpaka yachemke tena."

Barasa aliitikia kwa kichwa taratibu. Kila mtu aliona kwamba sasa ameelewa, kwa sababu maziwa lala aliyapenda sana.

"Na kulikuwa na jambo la pili," Macharia aliendelea. "Wachezaji walichota kwa vikombe vyao wenyewe?"

"Ndiyo."

"Mikono ya vumbi ndani ya pipa. Hilo nalo liacheni."

Alieleza njia iliyo sawa. Chemsheni jana yake, siyo siku ile. Funikeni usiku. Mkiwa na haraka, wekeni sufuria ndani ya karai lenye maji baridi. Maji ya karai yabaki nje ya sufuria, na kinywaji kibaki ndani. Mtu mmoja tu achote, mikono imeoshwa kwa sabuni, kwa mkebe wenye mpini mrefu.

"Na Muigai?" Selpha aliuliza. Swali hilo lilikuwa limemkaa kifuani tangu jana.

"Nilipiga simu hospitali mchana. Anakunywa maji, hayamtoki tena. Atapona."

Hapo ndipo Selpha alipolia. Alilia kwa dakika moja, akapangusa uso kwa leso, akamtazama mume wake.

"Jumapili tunakwenda Ruiru," alisema.

"Kufanya nini?"

"Wewe unajua. Jina langu uliliharibu kwa debe. Utalisafisha kwa mdomo."

Barasa alianza kusema kwamba kamati ingeandika barua. Alimtazama Selpha usoni, akaiacha barua.

Jumapili, baada ya kanisa, vijana wa Ruiru walikusanyika karibu na soko. Gathogo, kapteni wao, alisimama mbele na mikono kifuani. Muigai alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali. Alikaa juu ya kreti, amekonda mpaka koti lilimning'inia. Selpha alipomwona, alimsukuma Barasa mbele.

Barasa alivua kofia. "Ndugu zangu, hakuna dawa. Mke wangu alichemsha vizuri. Mimi ndiye nilitia maji ya kijito, debe moja, ili kipoe. Hata mimi niliumwa. Hata wachezaji wetu watano. Nilinyamaza kwa aibu, na aibu yangu ikamwangukia mama huyu. Makosa ni yangu."

Gathogo alicheka, ingawa hakutaka.

"Ya kijito? Bwana karani, si hata ng'ombe hunywa huko?"

"Hunywa," Barasa alikubali.

Gathogo alimgeukia Selpha na kuinamisha kichwa. "Mama, tulikusema vibaya. Mimi mwenyewe nilikusema. Utusamehe."

"Nimesikia," Selpha alijibu. Hakusema amesahau, kwa kuwa hakuwa amesahau. "Mkirudi kwetu mtakunywa?"

"Tutakunywa," Muigai alisema kutoka kwenye kreti. "Lakini huyu bwana aonje kwanza."

Wiki tano baadaye, Ruiru walirudi Thika. D.O. alitoa karatasi, baada ya Macharia kumwonyesha daftari lake. Safari hii Selpha aliweka masharti yake mwenyewe mbele ya kamati, na kamati ilisikiliza. Saa ya kufika wageni iliwekwa mapema, nayo haikubadilishwa. Ijumaa alichemsha, akafunika mitungi mitatu kwa sahani na kitambaa, akaiweka juu ya mchanga wenye maji. Asubuhi kinywaji kilikuwa baridi. Fundi wa bati alikuwa ametengeneza mkebe wenye mpini mrefu. Kando ya mitungi palikuwa na beseni na kipande cha sabuni.

Na kando ya beseni, kwa amri ya Selpha, alikaa Barasa. Yeye peke yake alichota. Alionja kwanza mbele ya Muigai, kisha akawapa wageni. Mtu alipokuja na kikombe chake akitaka kukitumbukiza, Barasa alipaza sauti mpaka mwamuzi akageuka. Wale wanawake wawili wa bombani nao walikuja. Walinyoosha vikombe bila kumtazama Selpha vizuri. Selpha aliwaambia wakaribie, kinywaji kipo.

Kwa kuwa kazi yote ilikuwa imekwisha jana yake, Selpha na Syokau walikaa kwenye benchi la kamati. Ilikuwa mara ya kwanza Selpha kuona mchezo tangu alipofika Thika. Muigai aliruka kama paka. Thika walipiga, akashika. Walipiga tena, akashika tena. Mwishowe Gathogo alifunga, na uwanja wote ukapiga kelele.

Mitungi ilikuwa nyuma ya ukuta wa ukumbi wa lokesheni, mahali ambapo magoli hayakuonekana. Kutoka huko ilisikika sauti ya Barasa.

"Mama Nelima! Nani amefunga?"

Selpha hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye mpira.

"Chunga maji, Baba Nelima," alisema. "Nitakuambia nyumbani."

Jumatatu ilipita, na Jumanne, na Jumatano. Hakuna aliyeumwa, Thika wala Ruiru. Alhamisi Ngina alifika na kabichi zake. Safari hii aliingia ndani na kukaa, akaomba kikombe.