Mama Mwenye Hakuambiwa Arudi

Ile asubui ilikuwa muzuri tu. Jua lilikuwa limetoka juu ya Butembo, mimi niko nachambua maharagi mbele ya nyumba, naimba wimbo ya kanisa. Kambere, mutoto wa kaka yangu, akaingia kwa lupango, uani kwetu. Nikamupa kiti. Akaiangalia, akapita. Akazunguka nyumba, akarudi, akapita tena.

Kwa kuelewa, inafaa nianzie nyuma kidogo. Ile ya njiani, Solange njo alinieleza, na Solange hasemake bongo, anasemaka kweli tu. Ile ya mwisho, niliiona na macho yangu.

Ilikuwa 1999, vita imejaa kila fasi. Kambere alikuwa na diplome d'État, ile ya kumaliza sekondari. Njo kitu moja tu alifanyaka mu maisha yake, na alitusumbua nayo kama kuku mwenye ametaga yai moja na anapigia mutaa muzima makelele. Mutu akimusalimia, anaangalia kwanza viatu ya ule mutu. Wakati basoda, baaskari ba vita, balianza kukamata bijana, akakimbilia Uganda na barafiki yake babili, Solange na Mathe. Balikaa Kasese miezi tatu. Kisha habari ikafika: Jemima, bibi yake, amezaa mutoto mwanamuke, Masika. Kambere akasema anarudi, anataka kushika mutoto wake. Kwa ile, simulaumu.

Balirudi kwa kuomba lifti. Shofere wa kamio ya chumvi ya Katwe akababeba bure, akabapa na ndizi. Kambere akacheka Kiswahili yake. Padri moja akabaweka mu gari yake. Kambere akasema ile gari inanuka mishumaa. Kisha mvua ikapiga, mbele ya kufika mupaka, na mama muzee moja, Mukonjo, akabaita ndani. Hakubajua. Hakuuliza kitu. Alichinja kuku, na alikuwa na kuku moja tu. Akabapa kitanda yake, yeye akalala pembeni ya moto na mbuzi.

"Hii nyumba inanuka mbuzi," Kambere akasema kwa sauti, sababu alizani muzee hasikie Kifaransa. Kama vile mazarau inahitaji kutafsiriwa!

Asubui muzee akatwaa fimbo yake, akabasindikiza. Kwetu Banande, na kwa ndugu zetu Bakonjo, mugeni hatokake peke yake. Na mwenye kusindikiza hawezi kugeuka yeye mwenyewe. Ni kama kufukuza mugeni. Mugeni njo anasimama, anamupa mukono, anasema: *Wasingya mama, urudie hapa.* Wasingya ni asante. Maneno ine tu. Hata mulevi anaijua.

"Mutu asiseme kitu," Kambere akanong'ona. "Tuone fasi ile magoti yake itachokea."

Balipita shamba ya muhogo. Balipita kanisa. Balipanda kilima. Muzee nyuma, anatembea. Solange akafungua kinywa. Kambere akamufinya mukono. Mathe, ule kichwa mutupu, alikuwa anacheka mpaka machozi. Gari ikasimama, bakaruka ndani. Muzee alikuwa amenyoosha mukono wa kuume, anangojea. Mathe naye akanyoosha wake, akamuiga.

Muzee hakukasirika. Aliendelea tu kutembea, nyuma ya gari, bila haraka.

Kwa bariere ya Kasindi soda akaangalia makaratasi.

"Muko bane?"

"Tuko batatu, shefu."

"Na ule mama?"

Bakageuka. Njia ilikuwa mutupu. Mu vumbi, nyuma ya viatu ya Kambere, kulikuwa tundu ya fimbo.

Beni, bakapata kamio ya kahawa. Shofere muzuri, mutu wa Mungu. Akasema: "Mama yenu aje akae mbele na mimi. Huko juu kuna baridi."

Mathe akaacha kucheka.

Solange akashuka. Hapo sokoni, katikati ya batu, mu jua kali, akanyoosha mukono kwa hewa na akasema yale maneno ine. Aliniambia: "Mama, kitu kikavu kama majani ya muhogo ilishika vidole yangu. Ikafinya kidogo. Ikaachia." Mathe akafanya vilevile, suruali yake imelowa. Ndiyo, imelowa. Mwanaume muzima.

Kambere akasema: "Bashenzi. Munasalimia upepo."

Kamio ikabashusha Butembo, na njo vile alifika kwangu akitembea. Alikuwa ametoka kwake. Mara tatu alifika kwa mulango wake, mara tatu miguu ikamupitisha. Kisigino cha kiatu kimoja kilikuwa kimetoka. Nikatupa maharagi, nikamufuata mpaka kwake, ni nyumba ya tatu tu. Na hapo nikasikia. Muguu, muguu, fimbo. Muguu, muguu, fimbo. Kambere hakuwa na fimbo.

"Shangazi, unishike," akasema. "Siwezi kusimama."

Nikamushika. Akanikokota kama mufuko wa makaa.

"Sema yale maneno, mutoto wangu."

"Kwa ule wa kunuka mbuzi?"

"Kwa ule mwenye alikuchinjia kuku yake."

"Mimi? Mutu wa diplome?"

Jemima akatoka na mutoto mu kitambaa. Akamunyooshea. Kambere akanyoosha mikono yake miwili. Vidole vilikuwa karibu na kitambaa. Karibu kabisa. Miguu ikamupitisha.

Pale njo alilia. Nilimuona akilia, na nikasema mu roho, Mungu asifiwe, sasa atasema. Akageuza shingo. Akasema, vile mutu anatupia imbwa mufupa:

"Haya, rudi!"

Hapana wasingya. Hapana mama. Hapana mukono.

Fimbo ikanyamaza. Kuku za jirani zikanyamaza. Mutoto akaacha kunyonya kidole, akaangalia mulango, fasi yenye hakuna mutu.

Kisha fimbo ikaanza tena. Polepole. Inageuka. Inaenda upande wa Beni.

Na miguu ya Kambere ikageuka nayo.

"Shangazi!" akalia. "Shangazi, sema nirudi!"

Nilisema. Nilipiga makelele mpaka sauti ikakauka: rudi, Kambere, rudi hapa! Lakini sasa yeye njo alikuwa musindikizaji, na mimi sikuwa mugeni wake. Mwenye alifaa kumuachilia alikuwa mbele yake, na ule hakusema kitu. Batu ba njiani balimupisha. Bamoja banasema alikuwa peke yake. Solange, mwenye alikuwa anakuja na mikate ya kumupongeza Jemima, anasema alikuwa anatembea nyuma ya mutu.

Ilikuwa saa ine ya asubui. Batu bote balikuwa mu kazi zabo.

Mathe anauza mafuta leo, na anasimuliaka hii habari kama vile yeye njo alikuwa shujaa. Mumuache.

Masika amekuwa mukubwa. Mbele ya ndoa yake tuliita fundi, atie simenti chini ya mulango wa Jemima, sababu kulikuwa na tundu ya zamani, kipimo cha kidole gumba, na kisigino cha mugeni kingenasa mule. Fundi alitengeneza vizuri, tukaweka mbao juu, tukangojea siku tatu ikauke.

Siku ya ine mimi mwenyewe nikainua mbao. Simenti ilikuwa ngumu kama jiwe. Tundu ilikuwa pale. Pembeni yake, mu simenti, alama ya kiatu cha mwanaume, bila kisigino. Na ncha yake iliangalia ndani.